Rafu Mbili za Fundi Rehani

Kiingereza chote alichokuwa nacho Rehani Semboja kilikuwa maneno mawili, na yote mawili aliyatoa Korogwe, kwenye ukuta wa banda la kushonea. Wenzake walirudi kutoka mjini na baiskeli, wengine na mke wa pili, wengine na kikohozi cha vumbi la mkonge. Yeye alirudi Kwedizinga na cherehani ya mguu aliyoilipia kwa jasho la miaka sita, pamoja na maneno hayo mawili ambayo hakuna mtu kijijini aliyeyahitaji.

Alikwenda Korogwe mwaka wa Uhuru wenyewe, kijana wa miaka ishirini, akapokewa na fundi Eliasi, Mshambaa wa Bungu aliyefundishwa kushona na mama mmoja wa misheni. Eliasi alikuwa mtu wa utaratibu hadi akukasirishe. Mkasi ukiwekwa kushoto badala ya kulia, asubuhi nzima imeharibika. Katika banda lake kulikuwa na rafu mbili za mbao. Ya juu aliiandika kwa rangi nyeupe MATERIAL, na ya chini GARMENT, kwa herufi kubwa kama za kituo cha treni. Mteja alipoleta kitambaa, kilipanda juu. Kilipokwisha kushonwa, kilishuka chini.

"Sisi tuna uvivu wa maneno," Eliasi alimwambia siku ya kwanza. "Ya dukani nguo, ya mwilini nguo, ya kufutia meza nguo. Wenzetu wametenganisha. Hii ya juu ni matirio. Haijui bado itakuwa nini. Mwenyewe akija kesho akasema shati sitaki tena, nataka pazia, mpe pazia. Akisema nirudishie kitambaa changu, mrudishie na umshukuru."

"Na hiyo ya chini?"

"Hiyo gamenti. Imeshapata mtu. Ina kifua chake, ina mabega yake, ina na tumbo lake kama analo. Hiyo hairudi dukani, bwana mdogo. Sindano ikishapita, hairudi popote."

Rehani alilipenda jambo hilo kuliko alivyopenda kushona kwenyewe. Kila kitu kikawa cha juu au cha chini. Ulipokaribia mwezi wa Disemba, banda likajaa kazi ya bendera mpya za ofisi na shule, na fundi na mwanafunzi wake wakabishana siku mbili nzima kuhusu rafu ya bendera. Haina mwili wa kuivaa, alisema Rehani. Lakini huwezi kuigeuza pazia, alisema Eliasi, imeshapata mwenyewe. Wakaiweka chini.

Kisha siku moja Rehani akauliza swali ambalo fundi hakulijibu. "Na sanda je, fundi? Haishonwi. Haipitiwi na sindano hata mara moja. Lakini inakwenda mwilini, na hairudi."

Eliasi, ambaye kwao wafu walizikwa na suti zao za kanisani, akasimamisha mguu kwenye kanyagio. Akaitazama rafu ya juu, akaitazama ya chini. "Hilo la kwenu nyie Waislamu," akasema, akaendelea na bendera yake.

Rehani aliporudi kwao alimwoa Zuena. Zawadi yake ya harusi ilikuwa shuka la kitanda ambalo hakuna mwanamke wa upande ule wa Handeni aliyekuwa nalo: vipande vitatu virefu vya bafta nzito nyeupe, vimeungwa ubavu kwa ubavu, na pindo limezunguka pande zote kwa mshono wa kurudia mara mbili. Mshono huo Eliasi aliuita mshono wa hadi kiyama, na haukuwa utani. Shuka lilifuliwa mtoni kwa miaka na halikuachia uzi hata mmoja. Akazaliwa Fatu, binti yao pekee. Rehani alikuwa mtu wa mzaha siku hizo, watu wanakumbuka, alikuwa akiimba huku anakanyaga mashine.

Mwaka wa sabini na nne ikaja Operesheni. Watu waliokuwa wametawanyika kwenye mashamba yao walitakiwa wahamie kijiji kipya kando ya barabara, wakae kwa mistari, wapate shule, zahanati na duka la kijiji. Shule ilikuja baadaye, na zahanati pia ilikuja, hakuna wa kukataa. Ila mvua za vuli zilikuja kwanza. Familia ya Rehani ilikaa wiki tatu chini ya turubai kabla nyumba haijapata paa, na katika wiki ya tatu Zuena akashikwa na kichomi. Alikufa Jumatano. Wakati ule bafta ilikuwa bado ipo madukani, akazikwa kwenye kitambaa kipya cheupe kabisa.

Tangu hapo Rehani akafa ganzi. Haikuwa huzuni, maana mwenye huzuni hulia, hugomba, hukataa chakula. Rehani alikula alichopewa. Alishona alicholetewa. Ukimwamkia aliitikia, ukimsimulia msiba wako alisema "pole," ukimsimulia harusi alisema "hongera," na sauti ilikuwa ileile. Fatu alilelewa na bibi yake, Bi Mwanaidi, mama yake Rehani, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali aliyekuwa akimwambia mwanawe mbele ya wateja, "Wewe Rehani, siku nikifa itabidi watu wakukumbushe."

Lakini bibi huyo alikuwa ameona jinsi mkwewe alivyositiriwa vizuri, na jambo hilo likamkaa. Mavuno yaliyofuata alikwenda Handeni mjini kwa lori, akanunua yadi tisa za bafta, akazikunja pamoja na kipande cha kafuri na kuziweka chini kabisa ya sanduku lake la bati. Wazee wengi wa rika lake walifanya hivyo. Kila mwaka, mwezi wa Shabani, Ramadhani ikikaribia, aliitoa ile sanda, akaikunjua yote juu ya kitanda cha kamba uani, akaiacha ipigwe na jua, kisha akairudisha. Majirani walipita, wakaona, wasiseme kitu. Kwa watu wa Rehani sanda ya mzazi haitajwi. Kumwuliza mama yako habari za sanda yake ni sawa na kumwuliza anaondoka lini.

Sasa twende mwisho wa mwaka themanini na moja. Fatu alimaliza darasa la saba na akachaguliwa kwenda sekondari ya bweni huko Korogwe, yeye peke yake kutoka shule nzima. Mwalimu mkuu aliileta barua kwa mikono yake hadi kwenye kibaraza cha duka, mahali Rehani alipoweka cherehani. Akasoma orodha kwa sauti: blauzi tatu nyeupe, mpya, za mikono mirefu. Fulana nyeupe mbili za michezo. Sketi ya buluu. Mwanafunzi asiye na sare asijisumbue kufika.

Sketi ilipatikana, shangazi alikuwa na kitambaa. Nyeupe ndiyo ilikuwa balaa. Miaka ile duka la kijiji lilikuwa na rafu safi kama zimelambwa. Sabuni ilikuja mara moja kwa miezi miwili, na watu wakaipangia foleni kwa mawe, kila mtu na jiwe lake. Kitambaa kilipokuja kilikuwa kaki, au kitenge cha rangi moja kilichowafanya wanawake wa kijiji kizima wafanane. Bafta hakuna. Sanda yenyewe ilitolewa kwa kibali, uende na barua ya mwenyekiti wilayani, na wapo waliorudi na barua mkononi wakawazika watu wao kwa khanga.

Rehani alizunguka. Alikwenda Mazingara, akakuta hakuna. Akapanda lori hadi Korogwe kwa fundi wake wa zamani. Banda lilikuwa bado limesimama na Eliasi alikuwa amekaa mlangoni, mvi kichwa kizima, akijitayarisha kurudi kwao Bungu kulima.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Rehani. Ingia uone maajabu." Akamwonyesha ukuta. Rangi nyeupe ilikuwa bado inasomeka, na rafu zote mbili hazikuwa na kitu isipokuwa vumbi. "Matirio hakuna, kwa hiyo na gamenti hakuna. Sikukudanganya, moja inatoka kwa nyingine."

Akarudi kwao mikono mitupu. Zilibaki siku kumi shule ifunguliwe. Fatu hakulia wala hakuuliza, alikuwa ameshajifunza kwa baba yake. Alifua tu ile sketi moja, akaianika, akaifua tena kesho yake.

Siku ya tatu Bi Mwanaidi alikwenda shambani na mjukuu wake kupalilia. Rehani aliingia chumbani kwa mama yake, akafungua sanduku la bati. Tuseme ukweli, hakutetemeka. Ile ganzi yake ndiyo iliyomfanyia kazi siku hiyo. Aliishika bafta, akaipima kwa mkono, yadi tisa kamili, akajiambia maneno ya Eliasi: haijapitiwa na sindano. Bado ni matirio. Bado haina mtu. Nitarudisha nyingine kabla mama hajaihitaji. Ndivyo fundi alivyohesabu, na hesabu hiyo fundi mwingine yeyote angeweza kuikosea, kwa sababu ilikuwa safi kabisa na ilimwacha nje mwanamke aliyekwenda na lori hadi Handeni kwa ajili ya zile yadi tisa.

Mahali pake aliweka shuka la Zuena. Lilikuwa limechakaa, haliwezi kutoa blauzi, lakini bado jeupe na limenyooka. Alilikunja vizuri, pindo likiangalia ndani, kafuri akairudisha juu. Kwa macho tu usingejua. Akachukua bafta kibarazani, na kufikia jua la kesho yake kuzama blauzi tatu na fulana mbili zilikuwa tayari. Bi Mwanaidi aliuliza kitambaa kimetoka wapi. Rehani akasema, "Korogwe, kwa fundi Eliasi." Mama akasema Mungu ambariki fundi Eliasi. Fatu akaenda shule.

Shabani ikafika. Asubuhi hiyo Rehani hakwenda kibarazani. Alikaa mlangoni na bakuli la uji lililopoa, akimwangalia mama yake anavyolitoa sanduku. Kama angelikunjua lile shuka, majirani wangeona viungo vyake na pindo lake, na jina la Rehani lingekwisha siku hiyohiyo. Bi Mwanaidi akatoa kitambaa. Akakipapasa kidogo. Akakiweka juu ya kitanda cha kamba kikiwa kimekunjwa vilevile, akakaa kando yake mpaka adhuhuri, akikigeuza ubavu huu na ubavu ule kama anachoma muhogo. Jirani yao, Mama Muhidini, ambaye ndiye aliyekuwa akiosha maiti za wanawake kijijini, alipita na ndoo yake.

"Mwaka huu hukunjui, Bi Mwanaidi?"

"Mikono imechoka, mwanangu. Jua linafika tu."

Rehani akashusha pumzi. Mama yake alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili yameingia maziwa. Hakuona, akajiambia. Mwaka uliofuata ikawa vilevile, na akazoea.

Kitu kimoja tu kilibadilika, na hakukitilia maanani. Bi Mwanaidi akawa anaomba wembe. "Rehani, nipe kawembe kako ka kufumulia, nikate kucha." Anampa. Wiki ikipita, wembe umekuwa butu, anaomba mwingine. Rehani alifikiri mara moja, kwa uvivu, kwamba mama yake ana kucha nyingi kuliko watu wengine, akaendelea na kazi. Mchana kutwa yeye alikuwa kibarazani, na mama alikuwa peke yake nyuma ya nyumba.

Mwaka themanini na nne, mwezi wa nane, Bi Mwanaidi hakuamka. Alikwenda usingizini, mkono chini ya shavu. Mtu akatumwa na habari Korogwe kwa Fatu, lakini kila mtu alijua mazishi hayangemsubiri. Ilisemwa azikwe kabla ya alasiri. Watu wakajaa uani. Wanawake wakachemsha maji. Na Rehani alisimama pembeni akisikia "pole" na kuitikia, na kichwani mwake kulikuwa na jambo moja tu: sanduku.

Alimwendea mwenyekiti wa kijiji, akamvuta kando. Akauliza kama barua ya kibali ingeweza kuandikwa sasa hivi, yeye akakimbia wilayani.

"Barua ya nini?" mwenyekiti akashangaa. "Mama yako ana sanda yake, kijiji kizima tunaijua. Wewe ndiye mwenye bahati mwaka huu."

Maalim alikuwa ametandika mkeka chini ya upenu wa nyumba. Sanduku la bati likaletwa mbele yake. Kwa kawaida maalim mwenyewe ndiye angekata, au mmoja wa wazee. Lakini aliangalia huku na huku, akamwona Rehani, na uso wake ukalainika kwa wema.

"Fundi yupo, sisi tushike mkasi kwa nini? Njoo umkatie mama yako, Rehani. Ni heshima yako hiyo."

Akaja. Akapiga magoti. Watu wote waliompenda mama yake walikuwa wamesimama hapo, na Mama Muhidini alikuwa mlangoni anasubiri kupokea. Rehani akasema, "Maalim, hiki kitambaa," na sauti ikaishia hapo. Maalim akadhani ni uchungu, akamshika bega. Rehani akatoa kafuri, akakitoa kitambaa, akakiweka mkekani. Akaingiza vidole ndani ya mkunjo kutafuta pindo, alishike, alifiche, afanye lolote.

Pindo halikuwepo.

Akakunjua mkunjo mmoja, kisha wa pili. Kingo zilikuwa tupu, zimelegea, zina nyuzinyuzi. Akatafuta kiungo kati ya kipande cha kwanza na cha pili, mshono wake mwenyewe wa hadi kiyama, na vipande vikaachana mikononi mwake kama havijawahi kujuana. Vilikuwa vimefumuliwa na kufuliwa. Akaleta ukingo karibu na macho. Tundu za sindano zilikuwepo zote, moja baada ya nyingine, kwa mistari miwili, na hapa na pale wembe ulikuwa umeteleza ukachana kidogo, kazi ya mtu asiyeona. Akahesabu moyoni, kwa sababu ni fundi na hakuweza kujizuia: pande nne, viungo viwili, mara mbili kila mahali. Kwa macho yale. Miaka miwili na nusu, na mama hakumwambia neno.

Katika mkunjo wa mwisho vidole vyake viligusa chuma. Ulikuwa wembe wake, umefungwa kwenye karatasi. Na kuanzia pale ulipowekwa, kiungo cha kipande cha pili na cha tatu kilikuwa bado kimeshikana. Ilibaki shibiri moja. Hakuwahi kumaliza.

Watu waliokuwa karibu walikuwa wameshaona. Mzee mmoja akamwinamia mwenzake. Mama Muhidini alisogea hatua moja kutoka mlangoni, akaangalia ile shibiri ya mshono, kisha akamwangalia Rehani, na ilionekana amekumbuka kitanda cha kamba na jua la Shabani.

"Hili ni shuka la Zuena," Rehani akasema. Alisema kwa sauti ya kutosha watu wa nyuma kusikia. "Sanda yake aliyoinunua niliichukua mimi. Nilimshonea Fatu sare za shule. Sikumwomba."

Moto ulilia chini ya sufuria la maji. Mwenyekiti alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Maalim alichukua ukingo mmoja wa kitambaa, akaupitisha kati ya vidole vyake polepole, akausikia ule mstari wa tundu.

"Ni safi," akasema. "Na kinasitiri. Malizia hapo palipobaki, fundi. Tutakusubiri."

Rehani akafungua karatasi, akashika wembe. Alikuwa amefumua mishono maelfu katika maisha yake, shibiri moja kwake ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini miaka kumi ilimpanda yote kwa pamoja, turubai na mvua na Zuena, na huyu mwanamke mfupi nyuma ya nyumba na kucha zake zisizokwisha, na machozi yakajaa mpaka hakuuona uzi. Alilia kwa sauti, mbele za watu, mtu mzima. Akafumua hivyohivyo, kwa kupapasa, kidole kikitangulia na wembe ukifuata, kama mama yake alivyokuwa akifanya. Ilichukua muda mrefu na hakuna aliyemharakisha. Uzi wa mwisho ulipotoka, akavipanga vipande vitatu sambamba juu ya mkeka, akavilainisha kwa kiganja, akamwambia Mama Muhidini aje achukue.